Vidonge vya Komeo

Alirudishwa wodini miguu imevimba mpaka soksi zikakatwa kwa mkasi. Daktari alipofika kitandani hakumsalimu. Alitazama faili, akatazama miguu, halafu akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kitanda cha mwisho:

"Wewe tena? Mzee, mimi nakutibu, ukifika nyumbani dawa unazitupa. Nifanyeje sasa, nihamie kwako nikunyweshe?"

Wagonjwa wawili watatu wakacheka. Aliyelala pale alivuta shuka, akageukia ukutani.

Mtaani walimwita Komeo. Kwanza kwa sababu ya kazi yake, kufungua na kufunga geti. Pili kwa sababu ya mdomo wake, ambao ukishafungwa hakuna ufunguo wa kuufungua. Geti alilolinda lilikuwa la hospitali hiyohiyo. Daktari huyo alifunguliwa geti na Komeo kila asubuhi, akapigiwa saluti, lakini mtu aliyevuliwa sare na kuvalishwa nguo za wodi hakumtambua.

Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ameshika mfuko wa nguo. Huyo walimwita Spika. Alikuwa msusi, na sauti yake ilitoka saluni ikavuka barabara na kurudi bila kuchoka. Siku hiyo alinyamaza mbele ya daktari, kwa sababu aliamini daktari amesema kweli. Daktari alipopita kitanda cha pili, akamwinamia mumewe.

"Umeniaibisha," akamwambia, kwa kile ambacho kwake kilikuwa kunong'ona. "Napika chakula hakina chumvi, nakula mwenyewe kama nyasi, ili upone. Wewe dawa zinakushinda nini? Ni chungu? Unataka nikupake asali?"

"Nimesikia," akasema Komeo.

"Umesikia! Kila siku umesikia!"

Moyo wa Komeo ulikuwa umechoka. Ndivyo walivyoelezwa tangu mara ya kwanza: moyo unasukuma damu kinyonge, maji yanabaki mwilini, yanashuka miguuni, yanapanda mpaka mapafuni, na mtu anaanza kutafuta pumzi akiwa amekaa tu. Kulikuwa na vidonge kadhaa vya moyo wenyewe, na kulikuwa na vile vidogo vyeupe vya kutoa maji mwilini. Asipovimeza hivyo vyeupe, anajaa. Akijaa, anarudi wodini. Na kila anaporudi, nesi alisema, moyo unapoteza kitu.

Nesi huyo alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyepewa kazi mpya ya kuwafuatilia wagonjwa wa moyo wakishatoka hospitali. Aliwapigia simu, akawatembelea nyumbani. Komeo aliporuhusiwa, alimletea mizani, akaiweka sakafuni kando ya mlango, akawaeleza kwamba mzee apande kila asubuhi kabla ya kula, na uzito ukipanda ghafla wampigie, wasisubiri miguu ivimbe.

Spika aliipokea kazi ile kama amri ya jeshi. Alimpandisha mumewe kwenye mizani kabla hajapangusa macho. Akitoka kwenda kazini, alimkabidhi vidonge mkononi, na glasi ya maji, kisha akakimbilia saluni kufungua. Komeo aliitikia kila kitu. Nesi akipiga simu kuuliza kama amekunywa dawa, alijibu, "Nimekunywa, mwanangu, ahsante." Na bado mshale wa mizani ulipanda.

Jibu Spika alilipata kwenye nguo chafu. Aliloweka suruali ya sare, akapitisha vidole mifukoni kama kawaida ya kila anayefua, akatoa uji mweupe uliokuwa umegandana na nyuzi. Vidonge. Siyo kimoja.

Komeo alipoingia jioni, alikuta vimewekwa juu ya meza, kwenye sahani, kana kwamba ndiyo chakula chake.

"Haya, karibu mezani," Spika akasema.

Komeo akavitazama. Akavua kofia.

"Niambie leo. Unataka kufa? Sema tu unataka kufa, nijue moja. Nisuke watu vichwa mpaka vidole vinakakamaa, nirudi nikupikie, nikupime kama mtoto mchanga, kumbe mwenzangu unanichezea shere!"

"Vinanisumbua."

"Vinakusumbua nini?"

"Vinanisumbua tu, mke wangu."

"Tumbo? Kichwa? Sema!"

Komeo akaingia chumbani akalala na viatu.

Spika akampigia nesi akamwaga yote. Kesho yake nesi akaja, akachora moyo kwenye karatasi, akachora mabomba, akaeleza tena kuhusu maji na mapafu kwa upole ule ule. Komeo akaitikia kwa kichwa kila mstari. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema mwishoni. Spika alimtazama akiitikia hivyo, akatamani kumrushia mizani.

Akaamua kumaliza mambo kwa mkono wake. Asubuhi iliyofuata hakukimbilia saluni. Alimkalisha mumewe kitini, akampa kidonge cheupe, akasimama mbele yake.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi."

Mtu mzima, baba wa watoto waliokwisha kuoa, aliinua ulimi. Machoni palikuwa na kitu, na Spika alikiona, akakipa jina la ukaidi.

Alikaa saluni moyo haumtulii. Vipi kama amekitapika njiani? Alimwachia mwenzake kichwa alichokuwa amefika nusu, mteja akilalamika, akafunga khanga kiunoni na kwenda hospitali. Hakufika getini. Alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, ili amwone mumewe bila kuonwa.

Mwanzoni hakuona la ajabu. Gari linakuja, Komeo anafungua, anaandika namba, anafunga. Halafu akaona anavyosimama. Alikuwa anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Alishika nondo ya geti akaibana, akainama kidogo, akanyooka. Msimamizi wa walinzi alipopita, Komeo akamsogelea akasema kitu, akionyesha upande wa majengo. Msimamizi akatikisa kichwa bila kusimama. Komeo akamfuata hatua chache, akasema tena. Msimamizi akamnyooshea kidole geti: rudi.

Ikaja gari ya wagonjwa, akakimbia kufungua. Ikaja nyingine nyuma yake. Ya pili ilipokuwa inaingia, Komeo alisimama wima kabisa, mkono kwenye saluti, na Spika akaona suruali ya kijivu ikibadilika rangi kuanzia juu kushuka mguuni.

Dereva aliona. Alimgusa mwenzake, wakacheka, wakapita.

Komeo hakupepesa. Alifunga geti. Aliingia kwenye kibanda chake, akatoka na chupa ya maji ya kunywa, akajimwagia mapajani yote, kifuani kidogo, kama mtu aliyemwagikiwa kwa bahati mbaya. Alifanya bila haraka. Alifanya kama mtu aliyekwisha kufanya mara nyingi.

Spika alishika ukuta wa kibanda. Muuza vocha akamwuliza kama anaumwa. Alichokuwa anakisikia hakikuwa ugonjwa. Yeye ndiye aliyemwinulisha ulimi asubuhi ile. Yeye mwenyewe.

Akavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia.

"Wewe!" Hakumwita mumewe. Alimwita msimamizi. "Walinzi wenu wanajisaidia wapi?"

Msimamizi akageuka. "Mama, hapa ni kazini."

"Ndiyo nimekuuliza, hapa kazini, mtu akibanwa anakwenda wapi?"

"Vyoo vya ndani ni vya wafanyakazi wa hospitali. Hawa ni wa kampuni. Na mkataba unasema mlinzi haachi geti mpaka apokelewe."

"Anapokelewa na nani?"

"Na wa zamu ya usiku."

"Kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka jioni mnataka kibofu kifungwe na kufuli? Wewe hapo unakwenda wapi? Au umeumbwa bila tundu?"

Watu waliokuwa wanaingia kuwaona wagonjwa wakaanza kusimama. Komeo alimshika mkewe kiwiko. Sura yake ilikuwa imekauka.

"Mke wangu. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kliniki ya moyo, akasukuma mlango, akamkuta nesi anampima mtu presha.

"Umemwuliza mume wangu mara ngapi kama amekunywa dawa?" akasema. "Umewahi kumwuliza kwa nini hanywi? Umechora moyo, umechora mabomba. Choo umekichora?"

Alieleza alichokiona. Hakupunguza kitu, na nusu ya foleni ilisikia. Nesi alibaki ameshika mpira wa presha, masikio yakimwiva. Spika alipomaliza, kijana alisema maneno machache tu.

"Mama, sikuuliza. Nilidhani ni ubishi."

"Na mimi nilidhani hivyo," akasema Spika, na hilo ndilo lililomtoa machozi, machozi ya hasira yanayochoma.

Wakaenda pamoja kwa daktari. Daktari alisikiliza akiwa anaandika. "Sasa kwa nini hakusema?"

"Ungemsikia saa ngapi? Ulipokuwa unamfokea mbele ya watu, alipaswa ainue mkono aseme daktari, samahani, mimi najikojolea?"

Daktari akaacha kuandika. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba kidonge cheupe si lazima kiwe cha asubuhi. Anaweza kukinywa jioni, akitoka kazini, kikamaliza kazi yake kabla hajalala. Akabadilisha maelezo ya dawa kwa mstari mmoja. Spika aliutazama mstari ule. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Muda wote ule, maji mapafuni, usiku wa kukaa kitini kwa kukosa pumzi, soksi kukatwa kwa mkasi, kumbe ni mstari mmoja.

Kutoka hapo wakaenda kwa katibu wa hospitali kuuliza choo cha walinzi, wakasimama nje mpaka akamaliza simu. Alikuwa mtu wa tai, mwenye ofisi yenye baridi na choo chake mwenyewe, mlango wake ukiwa wazi nyuma ya kiti. Walinzi, alisema, ni jukumu la kampuni. Walipompigia mtu wa kampuni, akasema majengo ni ya hospitali. Spika alirudi saluni akiwa na maneno mengi yaliyobaki, wateja wakasukwa kwa nguvu siku hiyo.

Lakini kishindo alichokitarajia ofisini asikipate, alikikuta nyumbani. Komeo aliingia jioni, akafunga mlango, na mtu aliyeishi miaka yote kwa maneno ya kuhesabika akafunguka.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

Spika akarudi nyuma mpaka akagusa kabati.

"Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja! Kwamba hakuna anayejua! Nafanya kazi na vijana wa umri wa wanangu, wananiita mzee, wananipa heshima. Leo wanajua. Foleni nzima ya kliniki inajua. Wewe na mdomo wako!"

"Ningenyamaza ufe?"

"Ungeniuliza!"

"Nilikuuliza! Mezani hapa nilikuuliza!"

"Ulinifokea! Daktari anafoka, wewe unafoka, nesi anachora. Nani aliniuliza? Umeniinulisha ulimi kama mwizi wa sukari!"

Wakasimama hivyo, kila mmoja anahema, na mmoja wao hakutakiwa kuhema. Spika akavuta kiti. Komeo hakukikalia. Alikwenda nje, akakaa kibarazani mpaka giza likaingia.

Siku zilizofuata waliishi kama wapangaji. Lakini kidonge alikinywa, jioni, mwenyewe, bila kuinuliwa ulimi. Nesi naye alibadilika. Akipiga simu hakuuliza tena kama dawa imenywewa. Aliuliza siku ilikuwaje, alisimama wapi, alikula nini na nani. Vile vidonge vingine navyo vilimpeleka haja mchana, kidogo, lakini mtu aliyejizuia siku nyingi, kibofu hakimsubiri tena. Kwa hiyo nesi akampa Komeo ufunguo wa choo cha kliniki, kilicho hatua chache kutoka getini, na akipata nafasi alikwenda kumshikia geti mwenyewe akiwa na koti lake jeupe.

Msimamizi akamshtaki. Nesi akaitwa kwa katibu, akaambiwa yeye si mlinzi, akirudia atahamishwa kitengo. Ufunguo ukachukuliwa.

Habari hiyo Komeo aliipata getini, kwa nesi mwenyewe, aliyekuja kuomba samahani. Kijana alijaribu kucheka. Komeo hakucheka.

"Wamekufokea kwa ajili yangu?"

"Si kitu, mzee."

"Ni kitu," akasema Komeo.

Kilichofuata Spika hakukiona. Alikisikia saluni, mteja akiwa kwenye drayeri, kutoka kwa mwanamke aliyeingia anatweta: "Wewe Spika uko hapa, na mumeo amefunga hospitali!"

Ilikuwa hivi. Siku hiyo wageni wa bodi walikuwa wanakuja, na katibu aliwahi asubuhi kuhakikisha majani yamefagiliwa. Komeo alibanwa. Akamwomba msimamizi amshikie geti, msimamizi akakataa. Komeo hakuomba tena. Alichungulia barabarani kwanza, akaona hakuna gari ya wagonjwa. Akafunga geti, akatia kufuli, akaning'iniza funguo kiunoni, akatembea taratibu, kwa mwendo ambao moyo wake unauweza, akapanda ngazi za utawala, akapita mbele ya karani, akaingia ofisi ya katibu.

"Unatafuta nini?" katibu akauliza.

"Choo," Komeo akajibu, akapita nyuma ya kiti chake, akaingia, akafunga mlango.

Wakati huohuo magari ya bodi yakafika getini. Yakapiga honi. Msimamizi akakimbia huku na huku hana ufunguo. Honi zikazidi, wagonjwa wakachungulia madirishani, katibu akagonga mlango wa choo chake mwenyewe kwa viganja viwili. "Toka! Wageni wako nje!"

"Nakuja," ikajibu sauti kutoka ndani. "Sijamaliza."

Wanasema alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akashuka ngazi vilevile alivyopanda, akafungua kufuli na kuwapigia wageni saluti. Mmoja wao, mama mtu mzima, akashusha kioo akauliza kulikuwa na nini. Komeo akamwambia. Kwa sauti ya kawaida, bila kuficha neno: kwamba ana moyo mbovu, kwamba dawa zinampeleka haja, kwamba hapo anapolinda hakuna choo, na kwamba amelazwa ndani ya hospitali hii mara kwa mara kwa sababu hiyo.

Kampuni ikamsimamisha kazi siku hiyohiyo.

Spika alipofika nyumbani alimkuta kibarazani na nguo za kiraia. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba nzima. Akakaa kando yake.

"Ulimwambia sijamaliza?" akauliza.

"Nilikuwa sijamaliza."

Spika akacheka mpaka akashika mbavu, na Komeo akacheka kwa uangalifu, kwa pumzi zake chache. Ndiyo ilikuwa suluhu yao. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Jioni ile tu, Spika alipomletea dawa aliziweka mezani, akarudi jikoni bila kumsimamia.

Walinzi wenzake hawakugoma wala hawakupaza sauti. Wale vijana aliodhani watamcheka, kila aliyebanwa alitia kufuli, akaenda, akarudi. Magari yakangoja. Mama yule wa bodi akapiga simu, kisha akapiga tena. Wiki haikuisha, choo kilichokuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kilichofungwa kwa muda mrefu na kujazwa ndoo mbovu, kikasafishwa, kikawekewa bomba, walinzi wakapewa, na mtu wa akiba akawekwa wa kushika geti. Komeo akaitwa arudi. Hapakuwa na tangazo, wala samahani. Katibu alianza kupita getini akiangalia simu yake.

Komeo hajalazwa tena tangu hapo. Watu wa mtaani humwambia Spika kwamba ameshinda, ashukuru. Hashukuru. Siku ya kliniki alimwuliza daktari kama sasa moyo utarudi ulivyokuwa kabla ya kulazwa kote kule. Daktari, na safari hii alikuwa ameketi na kuwatazama, alisema hapana. Utatunzwa, lakini kilichokwenda kimekwenda.

Waliporudi, Komeo alilazimika kusimama kwenye kilima kidogo kilicho kabla ya kwao, kilima alichokuwa akikipanda huku amebeba gunia. Alishika nguzo ya umeme, akavuta pumzi. Spika akasimama naye, mkoba wa dawa begani.

"Nina hasira," akasema.

"Najua."

"Sina hasira ya kuisha leo wala kesho. Nikimwona yule katibu natamani nimng'oe tai. Choo, baba watoto! Walikula moyo wako kwa ajili ya choo!"

"Punguza sauti, watu wamelala mchana."

"Waamke!"

Mlango mmoja ukafunguka, mtu akachungulia. Komeo akampungia mkono, kisha akaachia nguzo, na wakaanza kupanda tena, polepole, mke akiendelea kusema.